Gavana Ana Nguvu Gani, na Mipaka Yake Ameiweka Nani?



Nenda kivuko cha Likoni asubuhi ya siku ya kazi, feri moja ikiwa imeharibika, usikilize watu wanamlaumu nani. Kuna wanaomlaumu Rais, kuna wanaoilaumu bandari, lakini lawama nyingi zitamwangukia gavana wa Mombasa. Sasa fungua Katiba ya mwaka 2010 kwenye Jedwali la Nne, sehemu ya pili, ambako kazi za kaunti zimeorodheshwa. Utakuta kwamba feri na bandari ni kazi za kaunti, isipokuwa usimamizi wa usafiri wa meli wa kitaifa na wa kimataifa. Kwa hiyo aliyemlaumu gavana hakukosea kusoma. Lakini feri hizo haziendeshwi na kaunti. Zilikuwa chini ya Shirika la Feri la Kenya, zikahamishiwa Halmashauri ya Bandari, na yote mawili ni mashirika ya serikali kuu. Gavana hawezi kumwajiri nahodha wa feri, hawezi kumfuta kazi, hawezi kununua injini. Kazi iko katika karatasi yake, ila ufunguo uko mfukoni mwa mwingine.

Nimeanza hapo kwa sababu mjadala wetu juu ya magavana umekaa vibaya. Upande mmoja wapo wanaosema magavana wamekuwa wafalme wadogo, wamejipa misafara na vyeo na hawaambiliki. Upande mwingine wapo wanaosema gavana hana lolote, anapangiwa kila kitu na Nairobi. Pande zote mbili zina ushahidi. Mimi nitashika neno moja jioni hii na kulitetea mpaka mwisho: mipaka ambayo Katiba ilimwekea gavana kwa makusudi imelegea, na mipaka ambayo Katiba haikuikusudia ndiyo imekaza. Diwani, mkaguzi na mwananchi, waliopaswa kumbana, wanambana kwa kubahatisha. Hazina iliyochelewesha fedha na shirika la serikali lililokataa kuachia kazi ya kaunti ndio wanaombana kila siku.

Tuanze na nguvu zenyewe. Kifungu cha 179 kinamfanya gavana kuwa mtendaji mkuu wa kaunti, na naibu wake ni naibu mtendaji mkuu. Gavana anateua mawaziri wa kaunti, wasiozidi kumi, na bunge la kaunti lazima liwaidhinishe. Anaweza kuwaondoa mawaziri hao. Lakini hawezi kumwondoa naibu wake, kwa sababu wawili hao walipigiwa kura pamoja kwa karatasi moja, na wengi wamegundua hilo ndoa ilipokwisha kuvunjika. Anatia saini miswada ndani ya siku 14 au anairudisha na sababu zake, na madiwani wakiipitisha tena kwa thuluthi mbili hana tena la kukataa. Watumishi wa kawaida wa kaunti, kuanzia muuguzi hadi afisa wa kilimo, wanaajiriwa na Bodi ya Utumishi wa Umma ya Kaunti, ingawa gavana ndiye anayewateua wanabodi kwa idhini ya bunge, na kila anayeijua kaunti yake anajua simu ya gavana ina uzito gani katika bodi hiyo.

Tazama pia asichokuwa nacho. Hana polisi. Askari wa kaunti, wale Wanairobi wanaowaita kanjo, wanaweza kumfukuza mchuuzi kando ya barabara, lakini mwizi akivunja duka la mchuuzi huyo, wanaoitwa ni polisi wa Inspekta Jenerali. Gavana hana kinga ya kushtakiwa kama aliyo nayo Rais akiwa madarakani. Mwaka 2019 mahakama ilimpa gavana wa Kiambu, Ferdinand Waititu, dhamana kwa sharti la kutoingia ofisini kesi yake ya ufisadi ikiendelea, na tangu hapo kila gavana anajua kwamba anaweza kuwa gavana kwa jina huku mlango wa ofisi yake umefungwa na jaji. Hana hata bendera ya gari: mwaka 2014 Bunge lilirekebisha sheria ya bendera na nembo ili magavana wasipeperushe bendera ya taifa katika magari yao. Jambo hilo lilizua kelele nyingi kuliko thamani yake, nami sitalikalia.

Kilicho muhimu zaidi ni kwamba katika kaunti ile ile yupo mtu wa pili, kamishna wa kaunti, anayeteuliwa kutoka Nairobi, mwenye naibu makamishna, machifu na manaibu wa chifu mpaka kijijini. Mama aliyedhulumiwa shamba na shemeji yake huko Kinango hamwendei gavana, anamwendea chifu. Chifu huyo si mtu wa gavana. Gavana naye ana wasimamizi wake wa kaunti ndogo na wa wadi, na mara nyingi ofisi zao ziko karibu na za watu wa kamishna, katika kituo hicho hicho cha biashara. Kwa mwananchi wote ni serikali. Katiba, katika Kifungu cha 6, inasema ngazi hizi mbili ni tofauti na zinategemeana, na zitahusiana kwa mashauriano na ushirikiano. Ni maneno mazuri, na yanahitaji watu wazuri, kwa sababu hayasemi nini kitatokea mmoja akikataa kushauriana.

Basi nguvu ya gavana iko wapi? Iko katika bajeti. Mengine yote ni matawi. Afya ya kaunti, kilimo, maji, barabara za kaunti, masoko, chekechea, vyuo vya ufundi vya vijijini, zimamoto, usafi wa miji: kila moja ya kazi hizi inakuwa kitu au inabaki maneno kulingana na mstari ulioandikwa katika makadirio ya matumizi. Gavana aliyeamua kuweka fedha katika zahanati ameamua nani ataishi. Sisemi hivyo kwa kutia chumvi. Mwanamke anayejifungua usiku Lunga Lunga, akipata zahanati iliyo wazi, yenye taa na mkunga, amefikiwa na serikali ya ugatuzi. Akiikuta imefungwa, hotuba zote za gavana hazimfai kitu.

Lakini shilingi hiyo ina safari, na ningependa tuifuate hatua kwa hatua, maana hapa ndipo mipaka inapoonekana kwa macho. Kwanza Bunge la taifa na Seneti wanapitisha sheria ya ugawaji wa mapato kati ya serikali kuu na kaunti zote kwa pamoja. Katiba inataka kaunti zipate si chini ya asilimia 15 ya mapato ya taifa, kwa hesabu za mwisho zilizokaguliwa na kuidhinishwa na Bunge. Kisha kuna sheria ya pili inayogawa fungu hilo kati ya kaunti 47 kwa kanuni inayopitishwa na Seneti. Kisha Hazina ya Taifa inatakiwa kutuma fedha, bila kuchelewa pasipo sababu, kwenye akaunti ya mapato ya kaunti iliyoko Benki Kuu. Fedha zikishafika hapo bado si za kutumia. Kaunti inapeleka maombi kwa Msimamizi wa Bajeti, ofisi huru, naye lazima aridhike kwamba matumizi hayo yana sheria ya kaunti nyuma yake kabla hajaidhinisha. Halafu malipo yanapita katika mfumo wa kompyuta wa fedha za serikali, ambao unaendeshwa na Hazina. Siku mfumo huo unapogoma, mhasibu wa kaunti anakaa mbele ya skrini kama mtu yeyote anayesubiri.

Katika mlolongo huo, sehemu moja ni mpaka wa halali na nyingine ni uonevu. Msimamizi wa Bajeti ni mpaka wa halali. Aliwekwa pale ili gavana asichote fedha za umma kama za kwake, na ningetaka ofisi yake iwe na meno zaidi. Kuchelewesha mgao ni uonevu. Gavana amepanga kulipa wauguzi tarehe fulani, fedha hazikuja. Mwezi wa pili hazikuja. Wauguzi wanagoma, na wagonjwa wanamlaani gavana. Baadaye fedha za miezi kadhaa zinamiminika Juni, mwaka wa fedha ukiwa unafungwa, na kila mtu anakimbia kulipa wanakandarasi kabla ya tarehe 30. Matumizi ya haraka namna hiyo ni shamba la wizi. Hazina ikichelewesha fedha inampa gavana mwaminifu aibu asiyostahili, na inampa gavana mwizi kisingizio na nafasi kwa wakati mmoja.

Mwaka 2024 tuliona jambo jingine. Vijana waliandamana kupinga Mswada wa Fedha, ukaondolewa mwezi Juni, na serikali kuu ikatafuta pa kubana. Mgao wa kaunti uliokuwa umewekwa kuwa shilingi bilioni 400.1 ukashushwa hadi bilioni 387.4, mwaka wa fedha ukiwa umekwisha kuanza na bajeti za kaunti zimekwisha kupitishwa. Kila gavana alilazimika kurudi nyuma na kukata: barabara hii isubiri, wodi ile isijengwe. Wananchi wa wadi husika hawakuambiwa kwamba uamuzi umetoka Nairobi. Waliona tu mchanga na kokoto zimeachwa kando ya barabara.

Wazee wetu wa Pwani wanaijua hadithi hii kwa sababu waliiishi mara ya kwanza. Katiba ya uhuru ya mwaka 1963 ilikuwa na majimbo saba, kila moja na bunge lake na rais wa jimbo. Hapa Pwani rais wa jimbo alikuwa Ronald Ngala. Katika Bonde la Ufa alikuwa Daniel arap Moi. Vitabu vingi vinasema majimbo yaliondolewa kwa marekebisho ya katiba ya 1964, na kisheria ni kweli. Lakini kabla ya sheria kuyaondoa, yalikuwa yamekwisha kudhoofika kwa njaa. Serikali kuu ilikawia kukabidhi kazi, ikakawia kukabidhi fedha, na mapato ya majimbo yakabaki kidogo mno. Novemba 1964 chama cha KADU, kilichoyatetea majimbo, kilijivunja, na Desemba nchi ikawa jamhuri bila majimbo yenye nguvu. Baada ya hapo mabaraza ya miji na ya wilaya yaliishi kwa hisani ya Waziri wa Serikali za Mitaa. Baraza la jiji la Nairobi lilivunjwa mwaka 1983 na jiji likaendeshwa na tume kwa karibu miaka kumi. Waliotunga Katiba ya 2010 walikuwa na kumbukumbu hiyo, ndiyo maana waliandika kiwango cha chini cha fedha ndani ya Katiba yenyewe. Waliweza kuandika kiwango. Hawakuweza kuandika tarehe ambayo mtu angefungwa jela asipoitimiza.

Naomba nikae kidogo katika jambo la basari, kwa sababu linagusa kila nyumba ya hapa. Katiba imezipa kaunti chekechea na vyuo vya ufundi vya vijijini. Shule za msingi, sekondari na vyuo vikuu ni kazi ya serikali kuu. Lakini gavana yeyote atakuambia kwamba mzazi anapomshika mkono sokoni, anachoomba kwanza ni karo ya sekondari. Kwale, enzi za gavana Salim Mvurya, ilianzisha mpango wa Elimu ni Sasa, ukawapeleka watoto wengi wa maskini katika shule nzuri na vyuo vikuu, na kaunti nyingine zikaiga kwa njia zao. Mpango ule umewainua watoto wa nyumba ambazo hazikuwahi kuwa na msomi, na sitaubeza mbele ya mtu. Januari 2025 Msimamizi wa Bajeti alitoa waraka kwamba kaunti zisitumie fedha kwa basari za ngazi ambazo si zao bila makubaliano rasmi kati ya serikali hizo mbili. Magavana wakaenda mahakamani, mahakama ikausimamisha waraka.

Kisheria, Msimamizi alikuwa na hoja. Kifungu cha 187 kinaruhusu kazi kuhamishwa kutoka ngazi moja kwenda nyingine, lakini kwa makubaliano, na fedha zifuate kazi. Kama kaunti zinataka kulipia sekondari, na ziandikishe makubaliano. Hata hivyo nauliza swali ambalo magavana wengi hawapendi kuulizwa: katika kaunti hizo hizo zinazotoa basari za sekondari, chekechea zikoje? Mwalimu wa chekechea analipwa nini, kwa mkataba wa namna gani, na watoto wanakaa juu ya nini? Hapo gavana hana wa kumsingizia, kwa sababu chekechea ni yake peke yake. Mtoto wa miaka minne hapigi kura, na mzazi wake hajui kwamba darasa lile ni la gavana. Basari hutolewa kwa hundi kubwa mbele ya kamera. Kwa maoni yangu gavana anayekimbilia kazi ya mwenzake kabla ya kumaliza yake ameutumia ukarimu kuficha deni.

Sasa tuje kwenye mipaka iliyowekwa kwa makusudi, na wa kwanza ni bunge la kaunti. Madiwani ndio wanaopitisha bajeti, wanaoidhinisha mawaziri, wanaosoma ripoti za Mkaguzi Mkuu na kumwita waziri wa kaunti ajibu. Hii ni kazi ya kila wiki, isiyo na picha gazetini. Badala yake, tangu 2013, silaha inayojulikana zaidi ni ile nzito kuliko zote: hoja ya kumtimua gavana.

Sheria ya kumwondoa gavana iko katika Kifungu cha 181 na katika Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012. Sababu ni nne: ukiukaji mkubwa wa Katiba au sheria, sababu nzito za kuamini kwamba ametenda jinai, matumizi mabaya ya ofisi au utovu mkubwa wa nidhamu, na kushindwa kufanya kazi kwa ugonjwa wa mwili au akili. Hoja inaungwa mkono na angalau thuluthi moja ya madiwani, inapitishwa na thuluthi mbili, kisha inapelekwa Seneti, ambako kila kaunti ina kura moja.

Wa kwanza kuingia katika tanuri hilo alikuwa Martin Wambora wa Embu, mwaka 2014. Mashtaka yalihusu ukarabati wa uwanja wa michezo na ununuzi wa mbegu za mahindi ambazo wakulima walisema hazikuota. Seneti ilikubali aondoke, mahakama ikamrudisha, madiwani wakamwondoa tena mwaka huo huo, mahakama ikamrudisha tena, na mwaka 2017 wapiga kura wakamchagua muhula wa pili. Kesi zile zilitufundisha jambo la kudumu: haitoshi kuonyesha kwamba kuna kosa limefanyika katika kaunti, lazima uonyeshe kosa hilo linamfikia gavana mwenyewe, na liwe kubwa. Lakini mkulima wa Embu aliyepanda mbegu zisizoota hakupata jibu katika miaka yote ile ya mahakama. Shauri la mbegu liligeuka kuwa shauri la kiti.

Kericho, Oktoba 2024, tuliona hesabu ikiamua. Bunge la kaunti lina wanachama 47. Thuluthi mbili ya 47 ni 31 na kidogo. Madiwani 31 walipiga kura ya kumwondoa gavana Erick Mutai, na Seneti ikatupa shauri bila kusikiliza mashtaka, kwa kuwa hakuna theluthi ya mtu na waliohitajika walikuwa 32. Nami nasema Seneti ilifanya sawa. Anayetaka kumvua mtu kura za maelfu lazima afikishe idadi kamili.

Meru ni kisa kingine. Kawira Mwangaza alishinda ugavana mwaka 2022 akiwa mgombea huru, bila chama, maana yake aliingia ofisini bila kundi lake katika bunge. Ndani ya miezi michache madiwani walimtimua, Seneti ikakataa. Mwaka uliofuata walimtimua tena, Seneti ikakataa. Agosti 2024 walimtimua mara ya tatu, Seneti ikakubali, na Machi 2025 Mahakama Kuu ikathibitisha, naibu wake akaapishwa. Sitaki kuamua kesi ile upya hapa. Ninachotaka mkione ni kwamba gavana wa Meru alitumia muhula wake wote akipigania kuwepo. Hoja ya kutimua ikiwa inaletwa kila mwaka, inaacha kuwa hukumu na inakuwa mazungumzo ya bei. Gavana anajifunza haraka kwamba usalama wake uko katika thuluthi moja ya madiwani na mtu mmoja zaidi, na atawatunza hao kwa miradi ya wadi, safari, na nafasi za kazi za ndugu. Ndivyo mpaka unavyolegea: kadiri kelele zinavyopaa, ndivyo hesabu za hospitali zinavyopita bila kuulizwa.

Mgala muue na haki mpe. Wako madiwani wanaofanya kazi ngumu na hawalipwi shukrani. Diwani anaamshwa saa tisa usiku kwa msiba, anaombwa jeneza, anaombwa nauli, anaombwa karo, na mshahara wake hautoshi hata nusu ya hayo. Mtu katika hali hiyo akiletewa bahasha, mtihani wake ni mkubwa. Tunaomlaumu ndio tuliomgeuza kuwa mfuko wa mazishi badala ya msimamizi wa hesabu.

Makueni inaonyesha kwamba mambo yangeweza kwenda kwingine. Kaunti ile ilianza vibaya. Gavana Kivutha Kibwana na madiwani walivutana juu ya bajeti mpaka Septemba 2014 risasi zikafyatuliwa katika uwanja wa bunge la kaunti pale Wote na watu wakajeruhiwa. Wananchi wakakusanya saini kuomba serikali yao wenyewe ivunjwe, kwa kutumia Kifungu cha 192. Tume chini ya Mohamed Nyaoga ikasikiliza, ikapendekeza kaunti isimamishwe, na mwaka 2015 Rais Uhuru Kenyatta akakataa. Mwaka 2017 Kibwana alirudishwa na wapiga kura, na wengi wa madiwani waliovutana naye hawakurudi. Katika miaka hiyo Makueni ilijenga utaratibu wa wananchi kukutana kuanzia kijijini, kuchagua miradi, na kuwa na kamati za wenyeji zinazokagua mradi kabla mkandarasi hajalipwa. Kiwanda cha maembe cha Kalamba na mpango wa matibabu wa kaunti vilitokea katika mazingira hayo. Wanakijiji waliokuwa na ratiba ya mradi mkononi waliwabana gavana na diwani kwa pamoja, na waliwabana vizuri kuliko Seneti, kwa sababu walikuwa wanalitazama daraja lenyewe.

Nairobi ilikwenda njia ya pili. Februari 2020 gavana Mike Sonko alitia saini Ikulu hati ya kuhamishia serikali kuu kazi za afya, uchukuzi, ujenzi na mipango ya mji, na idara mpya ikaundwa chini ya Meja Jenerali Mohammed Badi. Baadaye gavana mwenyewe akailalamikia hati hiyo hadharani na akakataa kuidhinisha fedha za idara ile. Desemba mwaka huo madiwani walimwondoa na Seneti ikathibitisha. Hakuwa na naibu, kwa kuwa Polycarp Igathe alijiuzulu Januari 2018 na hakukuwa na mwingine aliyeapishwa, kwa hiyo spika wa bunge la kaunti akashika usukani kwa muda. Katika jiji lenye mamilioni ya watu, kazi walizopigia kura zilihamishwa kwa saini, bila mwananchi wa Kayole au Kibra kuulizwa. Hilo ndilo linalonitia hofu kuliko mashtaka yoyote ya gavana mmoja. Kazi ya kaunti ni mali ya wakazi. Gavana amekabidhiwa kazi hiyo kwa muda, na hapaswi kuweza kuitoa akiwa peke yake chumbani na watu wenye nguvu kuliko yeye.

Nini kifanyike? Upande wa serikali kuu, mgao utumwe kila mwezi kwa tarehe inayotangazwa, na Hazina ikichelewa ieleze kwa maandishi mbele ya Seneti. Na mashirika yanayofanya kazi za Jedwali la Nne, kuanzia feri hadi maji, yakabidhiwe kaunti pamoja na fedha zake. Upande wa bunge la kaunti, hoja ya kutimua isiletwe tena kwa mashtaka yale yale yaliyokwisha kukataliwa.

Upande wetu wenyewe, nataka tuzungumze kalenda. Mpango wa maendeleo wa mwaka unafikishwa katika bunge la kaunti tarehe 1 Septemba. Waraka wa mikakati ya fedha, ambao ndio unaoamua afya itapata kiasi gani na barabara kiasi gani, unafika Februari 28. Makadirio yenyewe yanafika Aprili 30, na bajeti inapitishwa kabla ya Juni 30. Sheria inataka angalau asilimia 30 ya bajeti iende kwa maendeleo, na kanuni zinataka mishahara isizidi asilimia 35 ya mapato. Ripoti za Msimamizi wa Bajeti hutoka kila robo mwaka na huonyesha kaunti gani imetumia nini. Mara nyingi zimeonyesha kaunti zinazomaliza robo ya kwanza bila kutumia hata senti moja ya maendeleo. Haya yote yako wazi. Tatizo ni namna yanavyomfikia mtu. Mwananchi anaitwa kwenye kikao cha maoni kwa tangazo la siku chache, anapewa pale pale kitabu kinene cha Kiingereza chenye safu za namba, anaulizwa kama ana swali, na mkono wake usipoinuka, jina lake linaandikwa kwamba alishirikishwa. Kifungu cha 7 kinasema Kiswahili ni lugha ya taifa na ni lugha rasmi. Kaunti sita za Pwani hazina udhuru wa kuchapisha bajeti katika lugha ambayo mvuvi wa Vanga au mkulima wa Ganze hawezi kuisoma.

Kwa hiyo ninachowaomba mkidai mwaka huu ni kidogo, na kila gavana ana uwezo kamili wa kukitekeleza bila ruhusa ya Nairobi wala fedha za nyongeza: kurasa mbili za Kiswahili kwa kila wadi, zenye jina la kila mradi, mahali ulipo, kiasi kilichotengwa na mkandarasi aliyepewa, zibandikwe kwenye mlango wa zahanati na wa chekechea wiki mbili kabla ya kikao cha Aprili. Gavana akikataa, mwulizeni pale pale kikaoni ni sheria gani inayomzuia, na mwandike jibu lake.